Sahani ya Ambroise

"Mizani yenu inaiba!" Kanyere alisema, bado amesimama juu yake. "Na usifikiri unasema na mutu asiyejua. Miaka makumi mbili ninauzisha maharage. Mizani ya kuwekewa jiwe chini ninaijua. Ya kulegezwa ressort, ile springi ya ndani, ninaijua. Hii yenu iko na moja ya zile mbili."

Simone, muuguzi wa kituo cha afya, hakuinua hata macho kwenye karatasi yake. "Mama, wa sokoni anaongeza kilo ili apate faranga. Bon, miye nikikuongezea kilo, nitaiuzisha kwa nani?"

Wanawake waliokaa kwenye benchi na watoto wao wakacheka. Kanyere hakucheka, wala hakukasirika kwa kweli. Mdomo wake ulikuwa unagombana wenyewe, kwa mazoea, kama jenereta iliyosahauliwa kuzimwa. Alishuka, akavua viatu, akavua kitambaa cha kichwa, akaweka pochi chini, akapanda tena. Mshale ulitetemeka kidogo ukarudi palepale. Mia moja na kumi na mbili.

Kilo hizo hazikuwa mambo ya urembo. Daktari mmoja mjini alikuwa amemgusa kitovu, pale palipochomoza uvimbe kama yai la bata tangu siku aliyoinua gunia peke yake, akasema ni ngiri, inapasuliwa, kazi ya saa moja. Lakini si kwenye tumbo hili. "Shuka chini ya mia, mama, ndipo urudi. Na usichelewe. Utumbo ukinaswa mule kabla hatujaufikia, tutakuwa tunapasua maiti." Kanyere alijibu "Merci, docta," akaenda kupanga maharage yake. Tangu hapo hakuruhusiwa kuinua kitu kinachozidi ndoo ya maji. Gunia likifika kutoka barabara ya Beni, lilibaki pale liliposhushwa mpaka apatikane mtu wa kulisogeza, na wanunuzi wa jumla hawana saburi hiyo. Meza yake ilikuwa inakufa polepole, naye akiitazama kama meza ya jirani.

"Asubuhi unakula nini?" Simone aliuliza.

"Chai."

"Na?"

"Na mikate ya mafuta."

"Ngapi?"

"Ile ya mama wa pembeni yetu ni midogo."

"Ngapi, mama?"

"Sita."

Kalamu iliandika. "Muchana?"

"Muchana niko sokoni. Sucré moja ya baridi, soda ya chupa, na kalanga za kudanganya tumbo."

"Mangaribi?"

"Fufu. Sahani moja." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo usio na faida, aliongeza, "Na ile ingine."

"Ingine gani?"

"Ya papa wa nyumba."

"Na papa anakula nini, kama yake unakula weye?"

"Papa alikufa. Iko miezi kumi na ine."

Kalamu ikasimama.

Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za mji ule wa Kisangani, chakula cha baba kilikuwa na sahani yake. Ambroise, mume wake, alitunza ghala la mizigo kule uwanja wa ndege wa Bangboka, safari ndefu kwa baiskeli, na ndege ikichelewa naye alichelewa. Kwa hiyo fufu likiiva, Kanyere alikata kwanza donge la baba, kubwa, akaweka na kichwa cha samaki, akafunika kwa sahani nyingine, akapandisha juu ya kabati. Miaka ishirini na sita. Watoto, ambao sasa wako Bunia na nyumba zao, hawakuthubutu kuinua kile kifuniko hata kwa kunusa.

Jumanne moja Ambroise alitoka kuoga, akakaa kwenye kiti afunge kamba za viatu, akabaki vile, ameinama. Kanyere alimwambia mara mbili kwamba anachelewa.

Kwenye matanga aliendesha kila kitu. Alipanga viti, alipima maharage, aliwagombeza waliokuwa wakificha nyama. Machozi watu waliyangoja wakachoka. Wakwe walinung'unika kwamba huyu mama wa Butembo machozi yake ameyaacha Butembo. Aliyemuuliza anajisikiaje alijibiwa "iko bien," na haukuwa uongo, maana alipojitazama ndani hakukuta kitu.

Watu wakaenda, viti vikarudishwa vilikoazimwa. Siku ya kwanza ya kuwa peke yake, mkono wake ulichota makopo mawili ya unga, kama juzi, kama mwaka jana. Sahani ikafunikwa, ikakaa juu ya kabati. Habari za redio zikaisha. Kumwaga chakula hakuweza. Alizaliwa na watu wanaolima viazi kwenye miteremko ya Lubero, upande wa Butembo, watu wanaoinama hata kwa punje moja. Akala. Hakuwa na njaa, wala hakuona ladha. Kesho yake tena. Na keshokutwa.

Simone hakumpa pole, alikuwa na wagonjwa wa kutosha. Alichora duara nyuma ya fishi, ile kadi ya mgonjwa. Nusu yake majani, lengalenga ama sombe. Robo samaki. Robo fufu.

"Fufu ukubwa wa ngumi. Ngumi yako weye, si ya muboksi. Mafuta ya mawese kijiko moja."

"Ya supu?"

"Ya chai."

"Alors samaki iogelee ndani ya maji?"

"Iogelee. Imezoea." Simone aligeuza karatasi. "Chai bila sukari, mukate moja. Sucré, hapana. Na kutoka sokoni mpaka kwako Tshopo, miguu. Kila siku. Na ile sahani ya papa, usiipike tena."

"Si miye anaipika."

"Ni nani?"

Kanyere akainua mkono wa kuume, akauonyesha. "Ni huyu."

Kesho yake alianza kutembea. Euphrasie, jirani yake wa meza, mama wa Isangi anayeuza samaki wa moshi, alimwona akipita motos zote, zile pikipiki za abiria, bila kusimamisha hata moja.

"Ma' Kanyere! Moto zimekwisha Kisangani? Ama biashara imeanguka, sema tukuchangie."

"Docta amesema nitembee."

"Docta! Ukitembea watasema umefilisika. Ukikonda watasema uko na ule ugonjwa. Mujane munene, angalau watu wanajua anakula."

"Waseme. Midomo yao hailipi taxe ya meza yangu."

Alitembea. Wiki za kwanza magoti yalilia kama bawaba, na jasho lilimshuka hadi kwenye viatu. Waendesha toleka, baiskeli zile zenye kiti cha nyuma kwa abiria, walimwita, "Mama, panda, nitakusukuma bure!" na mwingine akamjibu mwenzake, "Bure njo bei yake, baiskeli itavunjikia hapo." Zamani Kanyere angesimama awape kilo yao ya matusi. Sasa alisikia kama redio ya nyumba ya jirani, akapita.

Mwezi wa kwanza mizani ilisema mia na kumi na moja. Wa pili, mia na kumi.

"Mukate moja?" Simone aliuliza.

"Moja."

"Unatembea?"

"Uliza viatu."

"Na mukono?"

Kanyere aliuficha chini ya kitenge.

"Mama, kilo mbili kwa miezi mbili. Tukienda hivi, mwaka utaisha ukiwa juu ya mia. Ngiri haiko na kalenda."

"Ninajua."

Na kweli alijua. Kujua kulikuwa kumekaa mahali fulani, na yeye alikuwa mahali pengine, na kati yao hapakuwa na njia.

"Basi kama lazima mukono upike," Simone alisema, "utoe kwa mutu. Usikule weye."

"Nitoe chakula ya bwana yangu kwa nani?"

Simone aliita mgonjwa aliyefuata.

Njiani kuelekea Tshopo, chini ya bati tatu za kutu, Papa Amuri alikuwa anatengeneza baiskeli. Alikuwa rafiki wa Ambroise, wa kucheza naye dames kila Jumamosi, kwa vifuniko vya chupa juu ya ubao uliochorwa kwa rangi ya mlango. Tangu Kanyere aanze kutembea, alipita hapo kila siku, na kila siku Amuri alimwona kwa mbali akainamisha kichwa ndani ya gurudumu. Siku hiyo, akitoka kwenye mizani, Kanyere alisimama.

"Papa Amuri! Ule rayon, ule waya wa gurudumu, unatafuta tangu miezi mbili haujaupata? Ama miye ni muzimu?"

Amuri alitoa kichwa. "Samahani, mama. Ni haya."

"Haya ya nini? Kwenye matanga ulikuja, ulikula, ulibeba viti. Haya imeanza lini?"

Amuri alijipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Ambroise ameniacha na deni."

"Ya faranga?"

"Hapana. Ya sahani."

Ikabidi aeleze. Pesa hawakuchezea. Mke wa Amuri ni mtu wa dini, angekata ule ubao kuni. Walichezea chakula. Aliyeshindwa, Jumamosi inayofuata analeta sahani kutoka kwake, lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki juu. Jumamosi ya mwisho Ambroise alishindwa mara tatu. "Jumanne akaenda. Sasa miye nitadai mujane chakula? Lakini ukipita, mama, ninawaza ile lituma, na ninajiona mutu mubaya. Donc ninaingiza kichwa."

Kanyere alimtazama. Miaka mingapi Ambroise alikuwa akisema Jumamosi, nifungie na ya kubeba, kuna ndugu wa kazini hana bibi?

"Ule ndugu asiye na bibi, njo weye?"

"Niko na bibi, mama," Amuri alisema kwa sauti ndogo. "Na watoto saba."

Kitu kilisogea kifuani mwa Kanyere. Hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira ndogo, ya kawaida, ya mke aliyekuta mume ameazimisha sufuria bila kumwambia. Katika miezi kumi na sita hakuwa amesikia hata hiyo.

"Kumbe alikuwa anacheza na mukono yangu! Na alikuwa anashinda, angalau?"

"Mama, Ambroise hakujua dames hata kidogo."

Kesho yake alipika lituma, akafunika sahani, na badala ya kuipandisha kabatini akaifunga kwenye kitambaa, akarudi nayo njia ileile kabla jua halijazama. Amuri alinawa, akamega, akatafuna.

"Chumvi?"

"Imebaki kwa infirmière wa kituo."

"Mafuta?"

"Kijiko. Ya chai."

"Donc hii samaki naye anafunga." Lakini aliimaliza, akapangusa sahani kwa kidole.

Siku ya pili, ya pili. Siku ya tatu, ya tatu. Deni la Ambroise likawa limekwisha.

Siku ya nne mkono ulichota makopo mawili. Ilikuwa fufu na maharage, wala si lituma. Kanyere akaifunga kwenye kitambaa, akaenda. Amuri alitazama sahani, akamtazama mwenye sahani, akanawa mikono.

Ikawa hivyo. Sokoni mpaka nyumbani, nyumbani mpaka kwa Amuri, kwa Amuri mpaka nyumbani, kila siku ya Mungu, hata mvua ikinyesha, sahani chini ya mwavuli na yeye nje yake. Mizani ikasema mia na saba. Mia na nne. Mia na moja. Vitenge vilianza kuzunguka kiuno mara moja na nusu. Euphrasie alimuuliza kwa kunong'ona dawa hiyo inauzishwa wapi, na alipoambiwa lengalenga na miguu, alikasirika kama mtu aliyefichwa siri. Kanyere hakufurahi wala hakukataa kufurahi. Simone alifurahi kwa niaba yake.

Mwezi wa nane mshale ulisimama kwenye tisini na tisa. Simone aliandika barua ya daktari, akapiga simu, akapata siku, Alhamisi ya juma lijalo.

"Mama, hata kutabasamu kidogo?"

"Nikitabasamu itafika makumi tisa na munane?"

Mangaribi ile alisonga fufu, akakata ngumi yake, akala na majani, taratibu, akanawa. Kisha akasimama achukue sahani ya kubeba. Juu ya kabati hapakuwa na kitu. Akafunua sufuria. Ilikuwa tupu, imekwanguliwa. Akafunua ndoo ya unga. Ni mfanyabiashara, anajua kiasi kwa jicho. Lilikuwa limetoka kopo moja.

Mkono ulikuwa umechota moja, bila kumuuliza.

Alisimama pale jikoni muda mrefu, akiwa ameshika kifuniko cha ndoo. Hakulia. Alingoja kama kitakuja kitu, akaona hakiji, akafunika ndoo. Na kwa kuwa miguu ilijua saa yake, akavaa viatu akaenda, mikono mitupu.

Amuri alikuwa amekwisha kunawa. Alitazama mikono ya Kanyere.

"Leo?"

"Leo hakuna."

Alikubali kwa kichwa. Akageuza gurudumu, likazunguka, likasimama. "Mama, nikuambie kitu. Zile tatu zilikwisha juma la kwanza."

"Nilijua."

"Zile zote za nyuma nilikula tu. Niliwaza, nikikataa, atapeleka wapi."

Kanyere alikaa kwenye benchi, magoti yakiwaka moto, akanyoosha miguu mbele kama mtu aliyefika.

"Alors sasa ni miye niko na deni yako," Amuri alisema. "Na ni kubwa, mama. Sahani makumi na makumi. Na lituma ya bibi yangu, sitakudanganya, haishuki kwenye koo."

"Iache."

"Zote?"

"Zote. Nimekusamehe, Papa Amuri. Mikono umekwisha kunawa, enda ukakule kwako."