Habibah Aliyekataa Kusema Ogwal Ametoroka

Mtaani Kibuli walimjua Habibah kwa sauti kabla ya sura. Tangu akiwa msichana, baba yake, Sajini Abudu wa polisi, alimsomesha gazeti barazani kwa sauti. Akikosea neno, anarudia ukurasa mzima. Ndiyo maana mwaka 1972, televisheni ilipotafuta msomaji wa habari za Kiswahili, aliwashinda wanaume tisa. Majirani walishika vichwa. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, lugha ya "toka nje" na "lala chini". Habibah akaapa kuwasikilizisha Kiswahili kinachozungumza na watu kama watu.

Aliyemnoa kazini alikuwa mhariri wake, Saverio Ogwal, mtu wa Lira, kaskazini mwa nchi, mpole, asiyepandisha sauti hata mitambo ikigoma dakika moja kabla ya habari.

Mapema mwaka 1977 watu wa kaskazini wakaanza kuchukuliwa makazini na watu wa utawala wa kijeshi. Habibah alikuwa Mnubi, na miaka ile Wanubi, waliopendelewa na watawala, walihesabiwa kuwa salama. Angeweza kuangalia pembeni. Lakini siku moja, saa saba mchana, akiwa kwenye ngazi za kituo, aliwaona wanaume wawili wenye miwani myeusi wakimsukumiza Ogwal ndani ya buti ya gari. Kiatu chake kimoja kilibaki kwenye lami. Watu walikipita kama hawakioni. Habibah akashuka, akakiokota.

Jioni, kapteni aliyewekwa kusimamia habari alimletea karatasi.

"Wewe soma hii mwisho. Hapana ongeza kitu."

Iliandikwa kwamba Saverio Ogwal ametoroka nchi, yuko Nairobi. Habibah alijipaka wanja, akaketi mbele ya kamera, akasoma habari za kahawa, za ziara ya majenerali, za mpira. Zamu ya karatasi ile ilipofika, aliilaza kifudifudi mezani.

"Saverio Ogwal, mhariri wa kituo hiki, hakutoroka. Alichukuliwa leo saa saba mchana, mlangoni petu, akatiwa kwenye buti ya gari. Mimi nimemwona."

Taa zikazimwa. Walikuwa wamechelewa; maneno yalikuwa yameshaingia majumbani mwa watu.

"Nani natuma wewe?" kapteni alifoka, jasho likimtiririka.

"Macho yangu."

Alifungwa kambini siku kumi na tisa. Walimvunja meno mawili ya mbele. Kila asubuhi walimwekea tamko atie sahihi: kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba alikosea kusoma.

"Sijakosea hata herufi," aliwajibu, midomo imevimba.

Sajini Abudu, aliyekwisha kustaafu, aliwapigia magoti wakubwa wake wa zamani hadi akaruhusiwa kumwona.

"Binti yangu, tia sahihi tu, twende nyumbani."

"Baba, nikitia, mke wa Ogwal atamtafuta mumewe Nairobi maisha yake yote. Ogwal hayuko Nairobi."

Mzee akamgeukia askari wa zamu, akasimama wima kama siku za gwaride. "Hiyo karatasi yenu ichukueni. Hatatia."

Siku mbili baadaye wakamtoa bila maelezo, kazi hana. Akafundisha watoto wa mtaa wa Kisugu kusoma, mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979.

Ndipo Akwero, mke wa Ogwal, alipopiga hodi Kibuli.

"Jioni ile nilikuwa kwa jirani, nakutazama kwenye televisheni," alisema. "Sikungoja kupambazuke. Nilibeba wanangu wanne tukavuka kwenda Kenya. Walipokuja kutuchukua walikuta vyungu tu."

Wakalia pamoja, kisha wakapika. Ogwal hakuonekana tena, hai wala maiti.

Mwezi uleule televisheni ikamwita Habibah kazini. Mkuu mpya wa kituo, mtu wa suti na maneno laini, alimwomba kwanza akatiwe meno bandia. "Unajua, mama, watazamaji watashtuka."

"Waache washtuke," alisema Habibah. Akavuta kiti, akamwambia fundi awashe taa.