Chafya za Sabato

Chafya zangu zilikuwa na dini. Jumatatu hazionekani, Jumanne inapita moja au mbili nikichuma majani chai, lakini ikifika Sabato, wee! Nikikanyaga tu mlango wa kanisa, pua inawasha, macho yanachuruzika, na chafya zinafuatana mpaka watoto wa benchi la mbele wanageuka kunicheka. Dada mmoja wa kundi la maombi aliniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama kwetu nyumbani hakuna kitu kisichopenda ibada. Nilitamani kumrushia kitabu cha nyimbo.

Kilichoniuma zaidi ni ubeti. Tangu niolewe huku karibu na Kebirigo nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, nyuma kabisa, nimefichwa na wanawake wenye mabega. Mwaka huo nilikuwa nimepewa ubeti wa pili, niuimbe peke yangu kwenye makambi, ile ibada kubwa ya uwanjani ambapo makanisa ya huku yote hukutana chini ya mahema. Jamani, mimi peke yangu! Sasa kila tukiufanyia mazoezi Sabato mchana, naukata katikati kwa chafya.

Mwalimu wa kwaya aliniita kando. "Dada, usipopata nafuu kabla ya makambi, itabidi nimpe mwingine. Usinichukie."

Nilimchukia papo hapo.

Basi nikajitibu. Jirani aliniambia nijifukize kwa majani ya mkaratusi. Ijumaa jioni nachemsha sufuria, naiweka sakafuni, najifunika blanketi gubigubi na kuvuta mvuke mpaka jasho linitoke. Pua inafunguka kidogo, nalala nikishukuru. Asubuhi ni mafuriko. Nami, badala ya kujiuliza, Ijumaa inayofuata naongeza majani!

Mwishowe nilikwenda Nyamira mjini kumwona daktari, mama mmoja mwenye foleni ndefu mlangoni. Aliniuliza ni siku gani hali inazidi.

"Sabato," nikasema.

"Na Ijumaa huwa unafanya nini?"

Nilicheka. Ijumaa ni siku ya maandalio, nani asiyejua? Jua halitui kwetu kabla nyumba haijapinduliwa. Godoro linapigwa kwa fimbo humo humo ndani, mablanketi yanakung'utwa, utando wa buibui unashushwa, ufagio mkavu unapita kila pembe. Wimbi la uji linapepetwa mlangoni. Nguo za kanisa zinatolewa kwenye sanduku la bati uvunguni, zilikolala wiki nzima na mablanketi ya zamani, na asubuhi nazivaa hivyo hivyo.

Daktari aliacha kuandika. "Na hilo blanketi la kujifukizia?"

"Ni hilo hilo la kitandani."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nilikuwa nimejifunika hadi kichwani.

Akaniambia ni aleji ya vumbi. Hakuniahidi kwamba itaisha, alisema itatulia. Alinipa vidonge visivyoleta usingizi na dawa ya kupuliza puani kila siku, hata siku ninayojisikia mzima. Nisafishe pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, nyumba ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na kupepeta afanye mtu mwingine, nje, mbali na mlango.

Lo, rahisi kusema! Maandalio ya Ijumaa hayakuwa yangu, yalikuwa ya mama mkwe. Tunaishi naye boma moja, na ufagio wake hauguswi. Ni mwanamke mkavu wa maneno, mwenye kitambaa cha kupangusia pua kilichochomekwa kwenye mkono wa sweta, mvua au jua. Kanisani haimbi. Anafungua kitabu, anasogeza midomo, basi.

"Nyumba ipanguswe kama meza ya hoteli?" aliniuliza. "Sabato haipokelewi katika nyumba isiyofagiliwa, mwanangu."

"Mama, nitanyang'anywa ubeti wangu."

"Ubeti!" alisema, akaondoka na ufagio wake.

Usiku ule nililia kwa hasira, sina haja ya kuficha. Lakini Jumatano asubuhi nilimkuta uani, amepindisha sketi kiunoni, anayafua yale mablanketi ya sandukuni kwa maji yanayotoa moshi. "Usinisimamie hapo," alisema. "Leta maji mengine." Kuanzia wiki hiyo maandalio yakawa Jumatano, kwa ndoo na kitambaa. Wimbi alilipepeta mwenyewe, kule chini kwenye migomba.

Chafya zilipungua polepole. Sabato ya kwanza sikuona tofauti, nikamtukana daktari kimoyomoyo. Zilizofuata nilianza kumaliza mazoezi.

Siku ya makambi nilitembea hadi uwanjani nimefunika pua kwa barakoa, nikaivua pale tu tuliposimama kuimba. Sidanganyi, pua iliwasha. Ubeti wa pili ukafika, nikavuta pumzi, nikauimba wote, mpaka neno la mwisho. Nilimtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kitambaa kiko machoni, hakiko puani.

Jioni, tukimenya ndizi jikoni, alisema bila kuniangalia, "Mimi nilikuwa sauti ya kwanza."

Kisu kikanisimama mkononi. "Lini, Mama?"

"Nilipoolewa hapa, kama wewe. Chafya zikanitoa. Niliambiwa Sabato hainipendi kwa sababu nyumba yangu ni chafu." Akatupa ganda. "Ndiyo maana nilikuwa nafagia. Kila Ijumaa nafagia zaidi."

Nilimshika mkono wenye utomvu wa ndizi, naye akaniacha niushike.

Alikwenda kwa daktari yule yule, na chafya zake zilipotulia tulikwenda mazoezini pamoja. Mwalimu wa kwaya aliinuka kumpa kiti, akidhani amekuja kusikiliza. Mama hakukaa. Alichomoa kile kitambaa kwenye sweta, akanipa nimshikie, akaenda kusimama na sauti ya kwanza.