Viazi Vitamu Kwenye Vyungu vya Dalia

Kabla hujanicheka, jua kwamba nimesomea bustani chuoni na cheti ninacho. Halafu nikakaa nikavibembeleza viazi vitamu kama watoto wagonjwa, nikidhani ni maua.

Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama yangemkuta mwingine.

Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Kuna ua linaitwa dalia. Ile ya kawaida hurefuka mpaka kifuani, na usipoifungia mti wa kuegemea, upepo kidogo tu umeilaza chini.

Ya kwangu ilikuwa fupi.

Iliishia gotini, imejaza, shina nene. Ukiiweka kwenye chungu inatulia. Ukiipanga kando ya njia, utadhani imeshonwa pale.

Niliipata kwenye mbegu nilizootesha mwenyewe nikiwa chuoni. Miche mingine yote ilikwenda juu, rangi zilezile za kila siku. Mmoja tu ulibaki chini, majani meusi kama kahawa, ua rangi ya papai lililoiva, ncha nyekundu.

Mbegu ya dalia haimrudii mama yake. Ukitaka ua lilelile, unagawa viazi vyake vya ardhini au unakata chipukizi. Basi nikawa nagawa, msimu hadi msimu, mpaka nikajaza sanduku.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Nakwambia hakuna.

Nilikuwa naishi na dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisomesha. Mume wake aliaga anakwenda kutafuta maisha, akasema atakuja kila mwisho wa mwezi. Mpaka leo hata salamu.

Tulibaki wawili, na cherehani.

Na nilikuwa na rafiki wa chuoni. Kila mtu alimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Mimi aliniita Kimya. Mimi ni mtu wa haya. Popote niliposhikwa na kigugumizi, Chiriku alinisemea.

Mtaa wa pili kutoka kwetu, daktari mmoja mwanamke akawa anajenga kliniki. Alitaka mtunza bustani: maua kando ya njia ya kuingilia, vyungu kwenye baraza. Kazi ilikuja na chumba huko huko nyuma.

Nikampelekea ua moja kwenye kopo.

Akalizungusha, akalitazama kwa muda. "Siku ya kufungua utakuwa nayo yamechanua?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi niletee, uchukue ufunguo wa chumba."

Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

Dada alikuwa anapindia sketi ya mteja. Nilipomaliza kueleza, akasema, "Chumba? Kwani hapa pamekuwaje?"

"Hapana ubaya, Dada. Ndivyo kazi ilivyo."

"Haya."

Uzi ukamkatikia. Akautunga upya bila kuniangalia.

Wiki ya kupanda ilipofika, homa ya matumbo ikanibeba mzima mzima. Nikalazwa. Na viazi vyangu viko nyumbani chini ya kitanda, vimelala kwenye maranda makavu. Ukichelewa kuvipanda, vinachelewa kuchanua.

Nikamwita dada, sauti yenyewe haitoki.

"Kila kiazi kina shingo. Shingoni kuna kijicho, kama chunusi. Kiangalie juu. Halafu usimwagilie mpaka kichipue, kitaoza."

"Pona kwanza, mdogo wangu. Mambo ya maua niachie."

Kesho yake akaja na udongo kwenye kucha. "Nimepanda vyote."

Nililia. Huyu ni mtu ambaye hanawi mara moja kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, ananawa mara mbili. Leo kachimba udongo kwa ajili yangu.

Chiriku naye alikuja. Aliniletea machungwa, akanimenyea, akanichekesha mpaka muuguzi akamfukuza wodini.

"Na wewe huendi kuomba kule kliniki?" nilimuuliza.

"Shoga, kula chungwa. Ile ni riziki yako."

Nikala chungwa.

Nilipotoka hospitali, vyungu vilikuwa vimepangwa ukutani kwa unadhifu wa kifundi. Nikawa nakaa hapo na shuka mabegani, nachungulia. Udongo ukaanza kupasuka.

Dalia ikichomoza hutoa shina nene, majani mawili mawili, yenye meno pembeni.

Haya yalikuwa laini, yana umbo la moyo.

Nikajiambia ni machanga, yatabadilika. Nikayafuta vumbi. Nikayasogeza kwenye jua, nikayarudisha kivulini. Nikaanza kuyapa maji kwa kijiko, usicheke.

Mpaka siku moja shina jembamba kama kamba likavuka ukingo wa chungu, likaanza kutambaa chini.

Mama wa jirani alikuwa anaanika nguo. "Binti wa chuo," akasema, "siku hizi viazi vitamu vinalimwa kwenye vyungu? Na sie wa majembe twende wapi?"

Nikaingiza vidole udongoni, nikachomoa.

Kiazi kitamu.

Chungu cha pili, kiazi kitamu. Vyote.

Dada alitoka na futi yake ya kamba shingoni. Nikamwonyesha.

"Mimi nilipanda vilivyokuwemo sandukuni," akasema. "Maua yako nitayajulia wapi?"

"Nani aliingia chumbani kwangu?"

Akafikiri kidogo. "Labda Chiriku. Si ndiye aliyekuja kukuchukulia nguo za hospitali?"

Nikampigia Chiriku. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikawa haipatikani.

Kwenda kwa daktari nikaona aibu. Ningemwambia nini? Nikajifungia ndani, homa ikanirudia. Dada akanikanda, akanilisha, akanikalia kitandani. Ukweli usemwe, alinitunza vizuri.

Siku ya kufungua kliniki nikajikokota kwenda kuomba radhi.

Nilifika getini, nikasimama.

Kando ya njia, huku na huku, dalia zangu. Fupi, zimejaza, rangi ya papai, zimenyooka mpaka mlangoni. Kwenye baraza, vyungu, nazo zimejaa. Hata mpango wa kuzipanga ulikuwa wangu, nilishamchorea Chiriku chini kwa kijiti tukiwa chuoni.

Na yeye huyo hapo amepiga magoti, anachuma maua yaliyosinyaa. Ufunguo unaning'inia kiunoni.

"Kimya," akasema. Basi. Mdomo ule wote ukakauka.

"Uliniibia."

"Sikuiba." Akasimama, akapangusa magoti. "Niliteremshiwa mlangoni."

"Viazi vya chini ya kitanda changu vikateremka vyenyewe, vikaniachia viazi vitamu vyunguni?"

"Hebu tulia ufikiri. Vile viazi vitamu alivipanda nani?"

"Dada. Lakini dada hajui maua."

"Maua hajui," akasema Chiriku polepole. "Na viazi vitamu?"

Hapo ndipo akili iliponijia.

Dada yangu sokoni hanunui kiazi kabla hajakibonyeza kwa dole gumba. Wauza viazi wanamjua. Akikuta laini, anakirudisha, na maneno juu.

"Alikuja na sanduku amelifunika kwa kitambaa," Chiriku akaendelea. "Akasema, chukua wewe hiyo kazi, ila mdogo wangu asijue."

"Na wewe ukapokea."

"Nisingepokea angevitupa."

"Si ungeniambia."

Akapangusa tena magoti.

"Uliniletea machungwa, Chiriku."

Akaangalia pembeni.

Daktari akatokea barazani, akanitambua. "Si wewe uliyeahidi kuniletea maua? Nilikungoja sana."

Nikamtazama Chiriku. Miaka yote ananisemea mpaka yale nisiyoyataka. Siku ile neno moja tu lingetosha.

Akainama, akaendelea kuchuma maua.

"Niliugua, daktari," nikasema.

"Pole. Bahati nzuri mwenzako alikuwa nayo."

Aliporudi ndani, nikamwambia Chiriku, "Nipe kisu." Akanipa. Nikakata chipukizi moja changa, chini kidogo ya kifundo, nikalifunga kwenye leso yenye maji. Kisu nikamrudishia. Sikusema kitu kingine.

Nyumbani dada alikuwa anashona. Sikumfokea. Siwezi, hata nikijaribu sauti inakwenda puani. Nilichukua kiazi kimoja nilichokuwa nimekichomoa, nikakiweka juu ya meza ya cherehani.

"Hiki ni nini, Dada?"

Mkono wake ukakichukua. Dole gumba likakibonyeza, lenyewe tu, kwa mazoea.

Akaona nimeona.

Cherehani likasimama.

"Ungeondoka," akasema.

"Mtaa wa pili, Dada. Chai isingepoa njiani. Ningekuja kila siku."

"Na yeye alisema atakuja, kila mwisho wa mwezi."

"Mimi siyo yeye."

Akafuta udongo wa kile kiazi kwenye gauni lake, taratibu, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumsukuma. Nikaingia ndani, nikafungasha.

Leo nakaa mji mwingine kabisa. Nimepata kibarua kwenye kitalu cha miche, na chumba chenye dirisha moja. Chipukizi lile nililiweka kwenye kopo lenye mchanga hapo dirishani. Likashika. Likafika gotini likasimama, kama kawaida yake. Likatoa papai lake lenye ncha nyekundu, nami nikakaa chini nikalia peke yangu.

Chiriku hutuma ujumbe, kwamba dalia za kliniki zimerefusha matawi, zinatoa maua madogo, afanye nini. Sijajibu. Dawa ni kuzigawa, na kuzigawa alifundishwa kama mimi.

Nawaambia nyie mnaonisoma, hasa wenye wadogo, wenye wake, wenye watoto wakubwa. Ukiogopa kuachwa, sema. Sema hivyohivyo, hata kwa aibu. Dada angeniambia "naogopa," ningeikataa kazi ile siku hiyohiyo na wala nisingemkumbusha kamwe kwamba niliiacha kwa ajili yake. Alinizuia nisihamie mtaa wa pili, sasa nauli ya kuja kunitazama inamshinda.

Juzi nimechimba viazi vya kwanza vya dalia ile nikavigawa. Kimoja kina kijicho kizuri, kimetuna. Nimekifukia kwenye maranda, kwenye kijisanduku, nikaandika juu jina la dada.

Bado kipo mezani. Kila asubuhi nakishika, nakirudisha.