Filimbi ya Darasa la Tano

Ilianza Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilipopuliza filimbi kwenye uwanja wa shule ya kati upande wa Karurumo. Watoto thelathini na wanne wakachuchumaa kwa pamoja, mikono kichwani.

Nilidhani wananitania. Mimi ni mtu wa kuona haya, na watoto hunusa jambo hilo upesi. Lakini hakuna aliyecheka. Msichana wa mbele akaninong'oneza, "Mwalimu, tukae tano tano?"

Hapo nikaelewa. Tangu serikali ituhamishie katika kijiji hiki kilichozungushiwa handaki, filimbi ni ya homugadi, walinzi wa serikali. Ikilia, unachuchumaa uhesabiwe. Watoto hawa walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la nne na kuvaa kaptura na marinda mapya, lakini masikio yao yalikuwa yale yale ya kijijini.

"Simameni," nikasema. Sauti haikufika mstari wa pili.

Mwalimu mkuu alikuwa dirishani. Alinichukua kwa sababu nilikuwa nyumbani nikingoja pasi ya kusafiri nirudi sekondari, na mwalimu wa kuchora, kuimba na drili ya viungo alikuwa amekamatwa na kupandishwa lori kabla ya Krismasi. Akatoka nje.

"Hiyo ndiyo drili, binti yangu?"

"Hapana, mwalimu."

"Mkaguzi anakuja kesho. Akikuta wanachuchumaa hivi, vipindi vyako vyote nitavigeuza vya kulima, na wewe utarudi kwenye kazi ya lazima, kubeba mawe na kina mama."

Kipindi cha kuchora sikukiogopa. Najua kuchora na sitajifanya sijui. Baada ya mapumziko niliwaambia wachore nyumba kwa makaa, na mmoja akauliza, "Ya sasa au ile ilichomwa?" Nikamwambia achore anayoitaka. Karibu wote walichora ile nyingine, na migomba yake. Kipindi cha kuimba nacho nilikipitisha kwa ujanja: niliandika do re mi ubaoni, nikawaonyesha kwa fimbo, wakaimba wao. Mimi sikufungua mdomo. Naandika haya kwa sababu ni kweli.

Jioni, kabla ya saa ya kufungiwa ndani, nilimweleza mama huku akimenya viazi.

"Sasa wewe ulitaka wafanye nini?" akasema. "Hata mimi ukinipulizia hiyo kitu nitachuchumaa na sufuria yangu."

"Nitawaitaje, na sauti yangu unaijua?"

"Ya kuku mgonjwa." Akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. Kisha akasema, "Tukipalilia mtama, mmoja alikuwa anaimba kutoka kichwa cha shamba, wengine tunaitikia na majembe yanashuka. Wewe imba tu. Wataitikia."

"Nyimbo hizo zimekatazwa, mama."

"Basi imba ile yako ya shule. Do re mi ina siasa gani?"

Nikajaribu, so na mi, nikiukabili ukuta. Mara ya kwanza mama aliuliza ni nani anaita mbuzi. Mara ya tano akaitikia, na jirani naye akaitikia kutoka nyumba ya pili, bila kujua anaitikia nini. Nililala nikijua nitaweza.

Asubuhi yake nilifika kabla ya kengele, nikawaeleza watoto: so-mi ni kukimbia, do ni kusimama, na kila nikiimba waitikie. Mkaguzi alipoketi kivulini na daftari lake, nilienda nikaweka filimbi mezani, mbele ya mwalimu mkuu. Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akitoka zizini. Nikapanda jiwe kubwa lililo karibu na mlingoti wa bendera, nikafungua mdomo.

"So-mi!"

"So-mi!" wakaitikia wote thelathini na wanne, wakakimbia hadi kwenye ua na kurudi, mikono ikipunga kando. Nikavuta pumzi, nikaimba do, na hakuna aliyechuchumaa.