Mgeni wa Ulaya Hajala

Miaka ile, elfu mbili na kumi na kitu, mkalimani wa kila jambo pale kanisani kwetu Weston, mtaa wa wahamiaji huku ng'ambo ya bahari, mbali na Ulaya, nilikuwa mimi. Mtanzania peke yangu kati ya Wakongo, silipwi hata senti, ila mdomo ninao.

Jumamosi moja akaja mama wa Kizungu kutoka Ulaya. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu wa kawaida jinsi nchi za huko zilivyoungana na zinavyotunga sheria pamoja. Tulimkaribisha kwa sababu wengi wetu tuna ndugu huko. Jamani, alieleza! Picha ukutani, mara tume, mara bunge, mara baraza, nami natafsiri mpaka koo limenikauka. Mwishowe akauliza, "Nani ana swali?"

Kimya. Hata wa kukohoa hakuna.

Akaanza kukusanya waya za kompyuta yake, uso umemshuka. Akaninong'oneza kwamba kila aendako ni hivyo hivyo, watu wanaona mambo haya hayawahusu. Nikapandwa na hasira, sijui ni kwake au kwetu.

"Hayawahusu wapi? Wewe hujala," nikamwambia. "Nani atamhoji mgeni na njaa yake? Hebu kaa chini."

Akakaa. Wakamnawisha mikono, wakamletea bugali na sombe, ugali na kisamvu kwa lugha yao. Alipokwisha kuzoea kumega tonge, mama mmoja wa Uvira, jirani yangu wa ghorofani, akasogeza kiti. Shida yake niliijua. Binti yake alikuwa Ubelgiji, ameambiwa atarudishwa Italia, kwa kuwa ndiko alikochukuliwa alama za vidole kwanza. Mama wa watu usingizi ulishamhama. Na saa nzima alikuwa amekaa mstari wa mbele, kimya!

"Umuulize," akaniambia, "mtoto wangu watamurudisha kweli?"

Mgeni akaacha kula. Akauliza binti ana nani huko Ubelgiji.

"Bwana yake. Yeye walishamupokea, ana karatasi zote."

"Na binti amewaambia hivyo?"

Mama akainamisha kichwa. Njiani watu walikuwa wametishana kwamba ukitaja ndugu, mnafukuzwa wote. Binti akanyamaza.

"Aseme," mgeni akasema. Sheria hiyo hiyo ya kumrudisha Italia, alitueleza, inataka mke asikilizwe kule aliko mume wake, lakini lazima wote wawili waombe kwa maandishi, na wamwone wakili upesi, Jumatatu kama inawezekana. Hakuahidi kitu. Nilitafsiri neno kwa neno, nikampenda ghafla yule mgeni niliyekuwa nimemnunia.

Jirani yangu akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. Ulaya ilikuwa usiku. Akamwambia binti kuna mtu wa kusema naye. Binti akasikika, kwa woga, "Mama, huyo mwenye unataka niseme naye ni nani? Mutu wa serikali?"

Mama akamtazama mgeni, ambaye vidole vyake bado vilikuwa na sombe.

"Amekula kwetu," akasema. "Umuambie yote."