Akicheka Huanguka

Ndugu yangu mdogo ana ulemavu wa akili tangu utotoni, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa jibu la kila swali lililomhusu. Alipoanza kudondosha vikombe, tuliambiwa ndivyo alivyo. Alipoanza kutumbukia kwenye mtaro ulio mbele ya mlango wetu hapa Ziwani, mtaro aliouruka maisha yake yote, zahanati nayo ikasema yale yale.

"Hawa huwa hivyo, mama," daktari alimwambia mama, bila hata kumtazama mgonjwa.

Hawa akina nani? Nilitoka nje nisije nikamjibu.

Kulikuwa na kuanguka kwingine tulikokupenda. Kila nilipomwigiza mwalimu wa kwaya ya kanisani kwetu akitafuta sauti ya kuanzia wimbo, kidevu juu, "mmm, mmm," ndugu yangu alicheka mpaka magoti yakalegea, akaketi chini pu. "Umenimaliza, sista," alisema. Sote tulidhani ni mzaha wake.

Mwishowe tulipata rufaa kwa daktari wa ubongo. Huyu alizungumza na mgonjwa kwanza, akamwuliza anapenda nini.

"Chapo za mama na kwaya."

Akamwomba afuate kalamu kwa macho tu. Kushoto yalikwenda, kulia yalikwenda. Kalamu iliposhuka, macho yaligoma, ikabidi ainamishe kichwa kizima. Kumbe ule mtaro hakuwa akiuona.

"Akicheka, huanguka?" daktari aliuliza.

Mimi na mama tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo.

Damu ilipelekwa ng'ambo, na jibu likarudi: ugonjwa adimu wa kurithi, unaomaliza ubongo polepole. Dawa ya kuupunguza kasi ipo, ya kuuponya hakuna. Kicheko, daktari alieleza, humkata nguvu za misuli ghafla. Nililia kwa hasira, nikikumbuka kila aliyetuambia ndivyo alivyo.

Mama aliogopa mwanawe asije akaanguka na kupasuka kichwa, akapiga marufuku vichekesho nyumbani. Tukawa tunakula kimya kama watu wa matanga. Jioni moja ndugu yangu aliacha kula, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmeninunia? Nimekosa nini?"

Mama aliweka sahani chini. Alivuta godoro kutoka chumbani, akalitandika sakafuni, akamketisha katikati yake. Kisha akanigeukia.

"Haya," akasema. "Mwigize mwalimu wa kwaya."