R ya Kurara

Mdogo wangu wa kiume, anayetengeneza kompyuta Bunda, ndiye aliyeniwekea Linux kwenye laptop badala ya Windows. "Dada, hii haipatagi virusi," alisema. Hakuniambia kwamba sauti nayo itagoma kupanda. Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, vile vyenye vipicha vya spika, viligeuka mapambo. Unabonyeza, hakuna kinachobadilika.

Ningevumilia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Musoma, kazi yangu haihitaji muziki. Shida ilikuwa Mama. Masikio yake yamechoka, na kila ninapokwenda nyumbani Butiama laptop yangu ndiyo anayoitumia kuonana na mdogo wetu wa mwisho, aliyeko Dodoma. Huyo aliolewa bila ng'ombe hata mmoja kukanyaga zizi la Baba, na Baba akasema basi na yeye asikanyage. Miaka imepita hivyo. Sasa mdogo wetu alitaka kuongea na Mama habari za kuja Krismasi, na kwa sauti ile ndogo ya laptop, Mama angeulizwa Krismasi akajibu mihogo.

Nikampigia simu mdogo wangu, fundi wa Bunda. Akanieleza kwa madaha ya daktari bingwa kwamba vitufe havina ugonjwa wowote. Kila kitufe kina jina, na kompyuta inalijua jina hilo, ila haijaambiwa ifanye nini likiitwa. Unafungua faili la mipangilio, unaandika jina la kitufe, mbele yake unaandika amri. "Ni kama mtoto umempa jina halafu humtumi dukani," alisema.

Majina yenyewe sasa! Ya Kiingereza, marefu, herufi na namba zimebanana bila kupumua. Alinisomea kutoka kwenye laptop yake, nami nikaandika. La kuongeza lilikwenda vizuri. Tukafika la kupunguza, lenye neno Lower katikati.

"Andika rower," alisema.

"Inaanza na L au R?"

"Dada na wewe! R. R ya kurara."

Kwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja, na R ndiye mkubwa, anakalia viti vyote viwili. Nimepiga mistari chini ya "kurara" za wanafunzi mpaka kalamu nyekundu zikaniishia. Lakini niliposikia R ya kurara kutoka kwa mtoto wa mama yangu, niliona amefafanua vya kutosha, nikaandika R. Kompyuta si mwalimu, haikupiga mstari. Ilipokea jina la kitufe ambacho hakipo duniani, ikanyamaza. Nikajaribu kuongeza, sauti ikapanda. Kupunguza sikujaribu. Nani kwetu amewahi kuhitaji kupunguza?

Jumamosi nikaenda Butiama. Baba aliponiona nafungua laptop alichukua kigoda chake, akatoka, akakaa karibu na zizi, mgongo ametugeuzia. Ndiyo kawaida yake. Mdogo wetu akatokea kwenye kioo, Mama akasogea.

"Sisikii," Mama alisema.

Nikaongeza.

"Bado."

Nikapandisha mpaka mwisho. Mdogo wetu akaanza kunguruma kama mhubiri wa mkutano wa hadhara.

"Mama, nataka kuja Krismasi na watoto. Baba atanifukuza?"

"Huyo hatakagi hata kusikia jina lako," Mama alijibu, kwa sauti ya watu wasiosikia.

Nikabonyeza kupunguza. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kwa nguvu, maana wote tunaamini kwamba mashine huelewa ukali. Kuna njia nyingine za kupunguza sauti, nazijua, lakini siku ile zilinitoka zote. Kidole kiling'ang'ania palepale, na kompyuta ikaendelea kumsubiri rower wake.

"Mwambie Baba sitaki ugomvi," laptop ililia, ua mzima ukisikia, na ng'ombe nao. "Nikipika dagaa namkumbuka anavyoanza kula vichwa. Lakini usimwambie kama nimelia, Mama. Iwe siri yetu."

Siri! Niliona aibu, na woga ukanishika. Nje, Baba alisimama. Akaja na kigoda chake mkononi mpaka mlangoni. Nikajua leo laptop itarushwa zizini, na mimi nyuma yake.

"Huyo mtoto mbona anapigaga kerere namna hiyo?" alisema. "Mimi siyo kiziwi."

Mdogo wetu alimsikia. Kwenye kioo aliziba mdomo kwa mkono. Baba hakumtazama. Alitazama kigoda, akanong'ona neno moja tu.

"Unasemaje?" Mama aliuliza, maana kweli hakusikia.

Baba akavuta pumzi. Ikabidi arudie, safari hii kwa nguvu, mpaka Dodoma wakasikia.

"Nimesema aje! Na watoto wake. Aje arare nyumbani."